Vakanse ya kwenda Kilwa ipangwe kuanzia tarehe 1 Agosti

Mwanzoni mwa Julai, mara tu matokeo ya shule yanapotangazwa, swali moja linazunguka katika kila lupango ya Lubumbashi, kutoka Katuba hadi Ruashi: watoto watapitishia wapi vakanse? Kwa familia zenye asili yake katika wilaya ya Pweto, jibu mara nyingi ni jina moja tu: Kilwa, kando ya ziwa Mweru, kule nkambo angali anaishi, au kule alikozikwa.

Jibu linajulikana, lakini mpango haupo. Kila mwaka mambo ni yaleyale. Baba anapata feza katikati ya juma, gari linapakiwa siku ya Ijumaa mchana, safari inaanza jua likiwa limekwisha kuinama, na usiku unawakuta watu katika vumbi, pine moja imepasuka na ile ya akiba haina hewa. Wengine wanafika salama lakini mikono mitupu, watu saba katika nyumba ya mama mzee yenye vyumba viwili. Siku ya nne unga umekwisha. Majuma mawili waliyoahidiwa watoto yanageuka kuwa juma moja la haya.

Safari kama hizo huharibika tangu mwezi wa tano na wa sita, wakati hakuna aliyekaa chini kuzipanga. Na hata zinapopangwa, watu wanaanza na gari, wanafuata na mafuta, na mwisho kabisa ndipo wanawakumbuka wale wanaokwenda kuwaona. Utaratibu mzuri ni kinyume cha huo. Mzazi aanze na siku ambayo anapaswa kuwa Kilwa, kisha ahesabu kurudi nyuma, siku kwa siku, hadi kwenye mlango wa nyumba yake Lubumbashi. Kwa Mkongomani siku hiyo iko tayari katika kalenda: ni tarehe 1 Agosti.

Siku ambapo shule, mvua na desturi vinapatana

Tarehe 1 Agosti ni siku ya mapumziko katika inchi yote, siku ya wazazi. Asubuhi watu wanakwenda kufyeka majani na kusafisha makaburi ya wazazi wao waliokufa. Mchana wanawasherehekea wazazi walio hai. Siku hiyo makaburi ya Lubumbashi yanajaa watu wenye mapanga, majembe na ndoo za maji. Lakini mtu ambaye baba yake amelala Kilwa anafanya nini? Anatuma feza kidogo kwa simu, anamwomba ndugu aende kufyeka badala yake, kisha anabaki nyumbani. Watoto wake wanajua tu kwamba nkambo alizikwa “kule”.

Tarehe hiyo inaangukia katikati ya vakanse kubwa, zinazoanza mwanzoni mwa Julai na kumalizika mwanzoni mwa Septemba. Inaangukia pia katikati ya kiangazi. Noeli na Mwaka Mpya huja wakati wa mvua, barabara ikiwa matope, na Pasaka mara nyingi inakuta mvua hazijaisha au ndiyo kwanza zimeisha na mashimo yangali mabichi. Katika mwaka mzima ni vigumu kupata tarehe nyingine ambapo shule, mvua na desturi vinapatana namna hiyo.

Kule Ulaya na Marekani, Julai na Agosti ni miezi ya joto, na familia hupakia gari ili kufuata jua na bahari. Katanga, miezi hiyo ni ya ukavu na baridi. Lubumbashi iko kwenye urefu wa mita kama 1 200 juu ya bahari, na usiku wa Julai joto linaweza kushuka chini ya digrii 10. Kilwa iko chini zaidi, kwenye mita kama 920, na ziwa linapunguza baridi. Mtoto anayetoka Kamalondo akiwa amevaa majaketi mawili atayavua akifika. Lakini njiani, alfajiri, atayahitaji.

Kilwa si mbali, ni polepole

Kilwa iko kilomita kama 350 kaskazini ya Lubumbashi, kwenye ukingo wa kusini-magharibi wa ziwa Mweru. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 5 000, sehemu moja ya Kongo na sehemu nyingine ya Zambia. Mto Luapula unaingia kutoka kusini, na Luvua unatoka kaskazini, pale Pweto, kwenda kukutana na Lualaba. Mtoto wa Lubumbashi anayesoma katika kitabu cha jiografia habari za chanzo cha mto Kongo anaweza kuona kipande cha hayo maji kwa macho yake, bila kupanda ndege.

Kilomita 350 hazitishi mtu aliyezoea lami. Kosa la kwanza la wasafiri wengi liko hapo: wanahesabu kilomita badala ya saa. Kutoka Lubumbashi hadi Kasomeno kuna lami, kilomita kama 140. Pale barabara inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Kasenga na mto Luapula, mwingine unapanda kuelekea Kilwa na Pweto. Huo wa pili ni wa udongo. Katika kiangazi gari zima hutembea humo kilomita 30 au 40 kwa saa, na nyuma ya kamyo lililobeba magunia hutembea chini ya hapo, kwa sababu vumbi linafunga macho na hakuna nafasi ya kupita.

Hesabu basi ni hii. Saa mbili na nusu au tatu za lami, pamoja na saa tano hadi saba za udongo, ni saa nane hadi kumi, ikiwa hakuna kilichoharibika. Mwezi wa Julai jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi ana nafasi ya saa mbili hivi za kubadilisha pine, kula na kujibu maswali kwenye vizuizi. Anayeondoka saa nne asubuhi hana hata dakika moja ya akiba, na heri alale Kasomeno au Kasenga kuliko kuendesha usiku. Anayeondoka mchana, kwa kweli, hajaanza safari ya siku hiyo. Ameanza ya kesho.

Mafuta nayo yahesabiwe kabla ya kuonja bei. Gari linalokunywa lita 12 kwa kila kilomita 100 litahitaji lita 84 kwenda na kurudi, yaani kilomita 700. Udongo, mchanga na gia ndogo vinaongeza, na kule Kilwa kutakuwa na safari ndogondogo za kumpeleka mtu hospitalini au kumchukua shangazi sokoni. Mwenye kuhesabu theluthi moja zaidi, lita kama 110, atalala usingizi. Wauzaji wa kando ya njia, wale wanaoitwa Kadhafi, wapo, lakini bei yao inapanda kadiri lami inavyokwisha, na hakuna anayejua ni nini kimechanganywa katika chupa.

Juu ya gari lenyewe, fundi alione majuma mawili kabla ya safari, si jioni ya kuamkia safari. Breki, mikono ya usukani, bomba la maji, betri. Pine za akiba ziwe mbili, siyo moja. Jeki ijaribiwe nyumbani. Koleo na kamba vitaonekana kuwa mzigo wa bure hadi lile daraja la miti ambalo kamyo la mbele limelivunja.

Wengi hawana gari. Hao wanapanda bisi au wanakaa juu ya mizigo ya kamyo, na kila mtu Lubumbashi amekwisha kuona kamyo kama hizo zikiingia mjini zikiwa na makala, samaki wakavu na watu juu yake. Mtu mzima anayekwenda kutafuta riziki ana sababu zake. Lakini mtoto anayekwenda vakanse hana sababu yoyote ya kukaa juu ya magunia kwa saa kumi. Ikiwa feza haitoshi kwa viti vya wote ndani ya bisi, waende wawili mwaka huu na wawili mwaka ujao. Vakanse si kazi ya haraka.

Karatasi na vizuizi

Kati ya Lubumbashi na ziwa kuna peyaji na kuna vizuizi. Peyaji inalipwa na inatoa risiti. Kwenye vizuizi, asiye na karatasi hana sauti. Kitambulisho, leseni, karatasi za gari, bima inayofanya kazi, ukaguzi wa gari: vyote viwe katika bahasha moja, na nakala katika bahasha ya pili. Mtoto anayesafiri na shangazi au mjomba bila wazazi wake awe na barua ya ruhusa iliyosainiwa na cheti cha kuzaliwa. Jambo hilo linaonekana dogo hadi afisa anapouliza: “Huyu mtoto ni wa nani?”

Na kila feza inayotolewa iombewe risiti, kwa heshima na kwa sauti ya kawaida. Si kila mtu atapewa. Lakini familia inayorudi na risiti zote katika bahasha inajua safari imegharimu kiasi gani, na mwaka unaofuata haitakuwa inabahatisha.

Wale wanaongoja

Sasa yaja jambo ambalo mipango mingi inalisahau. Nyumba ya Kilwa si hoteli. Mama mzee anayepokea watu saba atatafuta kuku, atamwomba jirani mikeka, ataamka kabla ya wote kuchota maji. Hatasema kitu. Atafurahi, na baada ya wageni kuondoka atalipa madeni hadi Noeli.

Kwa hiyo mwezi wa tano simu ipigwe, na mazungumzo yawe wazi: watakuja wangapi, watakaa siku ngapi, watalala wapi. Unga wa bukari wa siku zote upakiwe kutoka Lubumbashi, au feza yake itumwe mapema ili ununuliwe kule. Mafuta ya kula, chumvi, sukari, sabuni, dawa za shinikizo la damu anazotumia mzee, kitambaa kimoja cha heshima kwa mama na kimoja kwa baba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msemo huo haumfukuzi mgeni. Unamfundisha namna ya kubaki bila kuwa mzigo.

Watoto wa mji nao wapewe jembe lao. Kilwa ni mji wa wavuvi. Alfajiri mitumbwi inarudi, chisense inatandazwa juani, pale inapasuliwa na kutiwa chumvi au moshi. Mtoto aliyegeuza chisense kwa mikono yake, akafukuza kuku wasiile, hatatupa tena kichwa cha samaki mezani Lubumbashi. Atajua pia kwa nini kwenye ziwa hilo kuna miezi ya mvua ambapo uvuvi unafungwa ili samaki wazae. Upande wa Zambia ni kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Anayekuja Julai anakuta nyavu zinafanya kazi.

Mtoto huyo huyo atasikia pia lugha. Wengi waliozaliwa Lubumbashi wanaongea Kiswahili na Kifaransa, lakini hawawezi kumjibu nkambo wao katika lugha ya nyumbani kwake. Majuma matatu hayatoshi kujifunza lugha, lakini yanatosha kujifunza salamu, majina ya ndugu na jina la mto. Yanatosha pia kumwondolea mzee uchungu wa kukaa na wajukuu kama bubu.

Maji, mbu na upepo

Ziwa ni zuri, na lina hatari zake. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika sehemu za maziwa za Katanga, na Kilwa ni mojawapo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama watu wa hapo wanayanywa hivihivi. Malaria ni kali pande zote mbili za ziwa, kiangazi na masika. Chandarua ziletwe kutoka mjini, kwa kuwa za wenyeji zinawatosha wenyeji. Mamba wapo, na kichocho kipo mahali penye majani na maji yaliyotulia. Mtoto aoge pale ambapo watu wazima wa kijiji wanamwambia, siyo pale panapopendeza kwa picha ya simu.

Kuna pia upepo. Katika kiangazi, upepo wa kusini-mashariki unavuma na kuamsha mawimbi ambayo mtu wa mji hayategemei kwenye ziwa. Mtumbwi uliojaa kupita kiasi hauna rafiki. Mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto ziwa kutoka juu ya maji achague asubuhi tulivu, mvuvi anayeaminika, na majaketi ya kuelea kwa kila mtoto, yaliyonunuliwa Lubumbashi kabla ya safari. Yasipokuwepo, ziwa linaonekana vizuri kabisa kutoka ukingoni.

Tena, kile kisiwa kinachoonekana mbele, chenye jina lilelile la Kilwa, ni cha Zambia. Wavuvi wanavuka kama watu wanaovuka barabara, lakini mgeni asiye na karatasi anayevuka kwa matembezi anaweza kujikuta anajieleza mbele ya maafisa wa inchi nyingine.

Njia ya pili, kupitia Zambia

Kila mwaka wako wanaosema ni rahisi zaidi kuzunguka. Wanatoka Lubumbashi kwenda Mokambo, wanafuata ile barabara ya kilomita kama 70 inayokata pembe ya Kongo hadi Chembe, wanavuka Luapula juu ya daraja la Mwanawasa, lililofunguliwa mwaka 2008, kisha Mansa, Mwense, Mwansabombwe na Nchelenge, ng'ambo ya Kilwa.

Njia hiyo ina uzuri wake. Mwishoni mwa Julai, Mwansabombwe wanasherehekea Mutomboko, sherehe ya Walunda wa Mwata Kazembe, ambao asili yao ni kwa Mwata Yamvo, huku Kongo. Mtoto wa Katanga anayeiona ngoma hiyo anaelewa kwamba mpaka ulikuja baadaye, na watu walikuwepo kabla yake.

Lakini ni safari nyingine, yenye mpango mwingine. Inahitaji paspoti, karatasi ya chanjo ya homa ya manjano, bima ya gari inayokubalika katika inchi za COMESA, na shofere anayekumbuka kwamba kule wanaendesha upande wa kushoto. Gari halivuki ziwa kwa mtumbwi. Lazima libaki Nchelenge au lizunguke kaskazini hadi Pweto. Anayetaka kuona Mutomboko na pia kuwa makaburini Kilwa tarehe 1 Agosti atakimbia siku nne mfululizo na hataona hata kimoja vizuri. Achague: mwaka huu Kilwa, mwaka ujao Luapula.

Kinachouma ni kitu kingine. Mwanainchi wa Haut-Katanga anapolazimika kupita katika inchi ya jirani ili afike katika mji wa jimbo lake mwenyewe bila kuvunja gari, huo si uchaguzi wa utalii. Ni hukumu juu ya barabara.

Kiangazi ni cha wakubwa pia

Ndiyo maana mzazi si yeye peke yake anayepaswa kupanga. Serikali ya jimbo na wale wenye kazi ya barabara wana kalenda ileile. Kati ya mwisho wa mvua, mwezi wa nne au wa tano, na kurudi kwake Oktoba au Novemba, kuna miezi mitano au sita ya udongo mkavu. Mashine ikifika Juni, barabara inafaa Julai. Mashine ikifika Oktoba, inachonga matope ambayo mvua ya kwanza itayabeba. Msafiri anajua hilo, muuza samaki anajua hilo, na hakuna sababu ofisi isilijue.

Mambo matatu hayahitaji mabilioni. La kwanza, kabla ya Juni wanainchi waambiwe ni sehemu gani ya barabara ya Kasomeno hadi Pweto itafanyiwa kazi, kuanzia lini hadi lini. La pili, madaraja ya miti yakaguliwe kabla ya vakanse, na uzito unaoruhusiwa uandikwe kwenye ubao. La tatu, feza za peyaji zihesabiwe hadharani. Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Anayelipa ana haki ya kuona koleo.

Kuna mradi mkubwa wa barabara ya kulipia kutoka Kasomeno, kupitia Kasenga na daraja jipya juu ya Luapula, hadi Mwenda nchini Zambia, ili kufupisha njia ya kwenda bandari ya Dar es Salaam. Ni mradi wenye faida kwa kamyo za shaba. Lakini mkono wa barabara unaokwenda Kilwa na Pweto hauko ndani yake. Bila sauti ya watu wa kule, Kasomeno itakuwa mahali ambapo maendeleo yanakunja kona na kuwaacha wengine katika vumbi.

“Ni mambo ya wenye feza”

Wapo watakaosema kwamba vakanse ni mambo ya wenye feza, au ya wale wanaorudi kutoka Ubelgiji na masanduku mawili. Mwalimu wa Kenya au muuza unga wa soko la Katuba atatoa wapi feza za lita 110 na zawadi?

Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake ni la zamani: likelemba. Watu kumi wenye asili moja wakianza Januari, kila mmoja akitoa kidogo kila mwezi, wanaweza Julai kukodi bisi moja iliyo nzima, na shofere anayeijua njia, badala ya kila mmoja kuchoma mshahara wake peke yake katika gari lililochoka. Ndoa zinapangwa hivyo. Matanga yanachangiwa hivyo, mara nyingi kwa usiku mmoja, na feza inapatikana. Ni ajabu kwamba familia inaweza kukodi bisi mbili kumzika mzee, lakini ilishindwa kukodi moja kumtembelea akiwa hai.

Asubuhi ya tarehe 1

Tarehe ikifika, familia iliyofika Kilwa mapema itakuwa imepumzika. Asubuhi itakwenda makaburini na mapanga. Mzee ataonyesha: hapa baba yenu, hapa mama yake, hapa yule aliyekufa majini.

Halafu kuna makaburi ambayo watu wa Kilwa wanayazungumzia kwa sauti nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji. Kesho yake jeshi liliurudisha, na kulingana na uchunguzi wa MONUC watu wasiopungua 73 walipoteza maisha. Kesi mbele ya mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi ilimalizika Juni 2007 bila mtu yeyote kuhukumiwa kwa mauaji hayo. Mwaka 2017 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ya Kongo iwalipe waathirika 8 na familia zao dola milioni 2,5 na iombe msamaha.

Mtoto wa miaka 12 atasikia habari hiyo Kilwa, ikiwa si kwa mzee basi kwa watoto wenzake mtoni. Mzazi anayepanga vizuri anapanga hilo pia: nani atamsimulia, na kwa maneno gani. Mtoto asiyejua kwa nini shangazi yake analia mbele ya kaburi moja kuliko mengine amefika Kilwa kwa miguu tu.

Mchana zamu ni ya walio hai. Bukari inapikwa, samaki mbichi wanatolewa ziwani, kitambaa kilichonunuliwa Lubumbashi kinafunguliwa, na mama mzee anapigwa picha katikati ya wajukuu. Siku mbili au tatu baadaye gari linaelekea kusini, saa kumi na mbili asubuhi, likiwa na mafuta ya kutosha hadi Kasomeno na gunia la chisense nyuma.

Hayo yote yanaanzia kwenye simu moja ya mwezi wa tano, ikiuliza swali rahisi: “Mama, tarehe 1 Agosti, tukuje wangapi?”